Kuni Tatu Kifuani, Kuni Nne Mgongoni

Mashua ya wachuuzi wa Kolombia ilipopiga honi, Ibelisa alikuwa anakuna nazi ya mchuzi wa mchana. Aliliacha bakuli wazi mbele ya kuku, akajifuta mikono kwenye sketi, akatoka mbio.

“Ibelisa! Nazi!” mama yake alipaza sauti kutoka kwenye bembea ya kulalia.

“Narudi sasa hivi, mama!”

“Sasa hivi yako naijua. Leo tutakula jioni.”

Mama Iguadili hakukosea. Mashua zile huja kisiwani Niskuadup, pwani ya Panama, na sukari, vitunguu, mafuta na sabuni, lakini wanawake wa Niskuadup hawakimbilii vitunguu. Wanakimbilia majora ya vitambaa, na anayechelewa huambulia rangi ambazo wenzake wamezikataa. Ibelisa alipofika gatini, sitaha ilikuwa imekwisha kujaa skafu nyekundu na mikono iliyozungushiwa shanga, na Eusebio, mchuuzi mwenye tumbo la kumtangulia, alikuwa anashambuliwa kutoka kila upande.

“Eusebio, ile nyekundu ya safari iliyopita imechuja! Nimefua mara moja tu, bahari nzima ikawa mchuzi!”

“Mama, mimi nauza vitambaa, siuzi maji.”

“Basi leo utanywa hayo maji yako!”

Ibelisa hakuwa na muda wa kucheka. Alipiga magoti penye rundo akaanza kufukua. Majora ya maua aliyasukuma kando, ya madoadoa yakafuata. Chini kabisa, penye unyevu wa sakafu, aliona ukingo wa manjano umechungulia. Akauvuta. Manjano ikaja, ikageuka rangi ya chungwa, ikawa nyekundu, ikawa zambarau, na mwisho wa upana ikawa giza la usiku. Alirudi nyuma kwa vidole akitafuta mahali rangi moja ilipounganishwa na nyingine. Hakupata mshono wala mstari. Moyo ulianza kumwenda mbio kana kwamba ameiba kitu.

“Hicho si cha kwenu,” Eusebio alisema. “Ni cha mapazia. Mwenye ukumbi wa harusi alikiagiza, kisha akakikataa. Alidai kinamtia kizunguzungu.”

“Hata mimi kinanitia kizunguzungu,” Ibelisa alijibu. “Ndiyo maana nakitaka.”

Binamu yake Nedelka, aliyekuwa amebeba sabuni na mtoto, alikiangalia kitambaa juu mpaka chini. “Utakivaa wapi hicho, shoga yangu? Utaonekana kutoka Kolombia.”

“Sikivai. Nitakificha.”

“Unanunua kitambaa ili ukifiche?”

“Nitakifunika kwa kitambaa cheusi, halafu nitakata vijia kwenye cheusi, nichungulie.”

Nedelka aliweka sabuni chini, akaushika ukingo wa pili wa kitambaa. Alikuwa ameelewa. Ibelisa akalipa kwa nazi za fungu lake, kama watu wanavyolipa siku zote, akarudi nyumbani na jora begani, akitembea haraka hivi kwamba skafu ilimvuka kichwani asijue.

Ili mtu aelewe kwa nini jora moja lilimpandisha Ibelisa wazimu wa furaha, ni lazima aijue nyumba ya Mama Iguadili. Katika nyumba ile mama ndiye aliyekata michoro, na mabinti ndio walioshona. Yeye aliketi asubuhi penye mwanga, akaweka vitambaa tabaka juu ya tabaka, akapitisha mkasi kwenye tabaka la juu bila kuchora kwanza hata alama moja, na kaa au pweza au jani la mnanasi likatokea. Kisha kipande kilipewa Ibelisa au dadaye, ambaye alikunja kingo kwa ncha ya sindano na kuzishona kwa mishono midogo isiyoonekana. Vipande hivyo vya blauzi siku zote vilikuwa viwili, kimoja cha kifuani na kimoja cha mgongoni, ndugu wanaofanana lakini si pacha. Mtu akikutana nawe njiani anaona kaa mwenye magando juu, na ukishampita anaona kaa yuleyule ameyateremsha. Ndivyo blauzi ilivyo. Hakuna aliyewahi kuuliza sababu.

Ibelisa alianza kushona akiwa hajaota meno ya mbele ya pili. Alikuwa sasa mama wa watoto wawili, mke wa Blas, mwanamume mpole aliyehamia kwa mkwewe kama wanaume wote wa kisiwani, na bado hakuwa amekata mchoro hata mmoja uliotoka nje ya mlango ule. Wazo la kushona mito ya kuegemea lilimjia kutoka kwa mgeni. Mwanamke mmoja wa majahazi ya watalii yanayotia nanga karibu na kisiwa alinunua blauzi kuukuu, akaijaza sufi palepale, akaikalia. Watoto walicheka mpaka wakalala chini. Ibelisa hakucheka. Wiki hiyohiyo alifumua blauzi zake za zamani, akazigeuza mito, na Nedelka akaipiga picha kwa simu.

Picha zilitembea zikafika mjini, kwa Bi Xenia, mwenye nyumba ya wageni katika mtaa wa zamani wa Jiji la Panama. Akatuma ujumbe wa sauti, maneno yakimiminika kama mvua ya Oktoba: “Ibelisa, mpenzi, nataka mito sita kwa ajili ya benchi la baraza yangu. Vitambaa vipya, si vya blauzi kuukuu. Sitaki kasuku, sitaki kobe, kasuku nimewachoka! Nifanyie kitu ambacho sijawahi kukiona. Niwe nayo kabla wageni wa sikukuu za Novemba hawajafika.”

Ujumbe ule ulisikilizwa nyumba nzima, tena na tena. Mama Iguadili aliusikiliza akiwa amefumba macho.

“Anataka asichowahi kukiona,” alisema hatimaye. “Nitamkatia kamba-mti wa baharini.”

“Mama,” Ibelisa alisema, “hii naomba nikate mimi.”

Dadaye aliacha kushona. Hata Blas, aliyekuwa anakarabati kasia mlangoni, aliinua kichwa, kisha akaona ni heri akiinamishe.

“Wewe,” mama alisema.

“Mimi.”

Mama Iguadili alibembea kidogo, mguu mmoja ukigusa sakafu ya udongo. “Haya, kata. Huyo mwanamke akiipokea, kuanzia siku hiyo wewe ndiye mkataji wa nyumba hii, na sitatia neno. Ikirudi, utashona ninachokata mimi mpaka mnizike. Na usije ukanililia.”

“Sitalia.”

“Tutaona.”

Hilo ndilo lililokuwa begani kwa Ibelisa pamoja na lile jora.

Alipolikunjua sakafuni, mama yake alilizunguka kama mtu anayekagua mtumbwi wa kununua.

“Hizi rangi zinabadilika zenyewe,” alisema.

“Ndiyo, mama! Si umeona?”

“Nimeona. Sisi tukitaka rangi ibadilike, tunapachika vipande vidogovidogo, kimoja kimoja, mpaka macho yanauma. Hiki kitambaa kimekufanyia kazi. Huo ni uvivu.”

“Kitambaa hakijui kukata, mama. Kazi ya kukata ingali yangu.”

“Mdomo nao ungali wako.”

Ibelisa aliketi mbele ya kitambaa chake siku nzima bila kukigusa. Alijaribu kumwona samaki ndani yake, hakumwona. Alijaribu maua, yakakataa. Mpaka jioni, alipokwenda jikoni kusogeza kuni, kwa kuwa moto wa kwao ni magogo yaliyolazwa ncha kwa ncha na kila yanapopungua husukumwa ndani, mkono wake ulisimama juu ya gogo. Katikati, ncha zilipokutana, palikuwa na manjano kali. Kisha rangi ya chungwa. Kisha wekundu uliozama. Kisha zambarau ya mkaa unaopoa, na mwisho, karibu na kiganja chake, gogo lilikuwa jeusi.

“Mama!” alipiga kelele. “Ni kuni! Kitambaa ni kuni!”

“Mtoto huyu ameungua,” Mama Iguadili alimwambia Blas. “Hebu mtazame.”

Hakuwa ameungua. Kesho yake alikata kitambaa cha mapazia vipande vya pembe tatu, akavipanga manjano zikutane katikati, akavifunika kwa kitambaa cheusi, akashika mkasi. Mkato wa kwanza ndio uliomtisha, maana hauna dawa. Kitambaa kikishakatwa kimekatwa. Akaupitisha. Ukingo mweusi ukafunguka kama jicho, na ndani yake mstari mwembamba wa moto ukaonekana, ukianza manjano na kuishia zambarau. Akakata mwingine sambamba nao, kisha mwingine. Kila mstari ulitoka na rangi zake, na hakuna uliofanana na jirani yake. Ibelisa alikuwa anacheka peke yake. Aliacha kula, akasahau kuchota maji, akajibu “ndiyo” kwa kila alichoulizwa, hata Nedelka alipomuuliza kama atampa pete yake ya pua.

“Umesema ndiyo, na watu wamesikia!”

“Nimesema ndiyo kwa nani?”

Mama Iguadili alipita kila mara na tusi lake dogo. “Hapa umeacha uwazi. Mtumbwi ungepita hapo.” Ibelisa aliujaza. “Mstari huu ni mnene kuliko wenzake, umekula nini?” Ibelisa aliufumua. Lakini ilipofika siku ya tatu au ya nne mama alikichukua kipande kimoja ili akionee kasoro, akakaa nacho mapajani mwake mchana wote, na kasoro yenyewe hakuisema.

Bila shaka kila kipande kilikuwa na ndugu yake. Kifuani palikuwa na kuni tatu zilizokutana. Mgongoni zilikuwa nne, na ya nne ilikuwa fupi, iliyokaribia kwisha. Ibelisa alivikabilisha viwili viwili, akavishona pande zote kwa mishono ya karibu karibu, akajaza sufi kupitia tundu dogo, akaliziba. Mito sita ikapangwa kwenye benchi la mbao. Katika nyumba ile hapakuwahi kuwa na kochi wala mtu wa kuegemea mto. Watu hukaa kwenye bembea. Hivyo hakuna hata mmoja aliyejiuliza mgongo wa mto huwa unaelekea wapi.

“Imekuwa na kifua na mgongo,” dadaye alisema kwa kuridhika. “Imekamilika.”

“Ungetaka iende mjini na nusu blauzi?” mama alisema. “Hata mwendawazimu hatoki hivyo.”

Ibelisa aliifunga mito katika kile kitambaa cha mapazia kilichobaki, akavuka kwa boti hadi bara, akapanda gari linalopita milimani, na njia nzima alikikumbatia kifurushi hata mwenzake wa kiti akamuuliza mtoto ana umri gani.

Bi Xenia alimpokea mlangoni, miwani juu ya paji la uso, simu mkononi, ufunguo mdomoni. Alipoona mto wa kwanza alitoa ufunguo mdomoni.

“Ibelisa.”

“Bi Xenia.”

“Huu ni moto. Huu ni moto kabisa! Mungu wangu, vinyweleo vimenisimama, shika hapa uone!”

Ibelisa alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Kisha Bi Xenia akaugeuza mto.

“Na huku?”

“Huo ni mgongo.”

“Naona ni mgongo. Mbona na wenyewe umeshonwa?”

Ibelisa hakulielewa swali. “Nisingeushona ungekuwaje?”

“Ungekuwa kitambaa cheusi cha kawaida, mpenzi! Mto unaegemea benchi, nani atakayeuona mgongo? Na zipu iko wapi?” Alizungusha vidole kwenye kingo zote kama mtu anayetafuta mlango gizani. “Hakuna zipu? Mgeni akinimwagia kahawa nitafuaje? Nitaufua pamoja na sufi yake?”

Ibelisa aliupokea mto, akaurudisha penye wenzake. Aliitazama mito yake sita, iliyozibwa pande zote kama mayai.

Bi Xenia hakuwa mtu mbaya. Alifikiri haraka, kama alivyozungumza. “Sikiliza. Fumua migongo yote. Weka kitambaa cheusi na zipu, duka liko hapo chini. Migongo nitainunua kando, niitundike ukutani kwenye fremu. Unapata zaidi, mimi napata zaidi. Lakini hivi ilivyo siwezi kuipokea. Wageni wanaingia leo mchana.”

“Nipe mpaka waingie,” Ibelisa alisema.

Aliketi barazani na sindano yake, akafumua mshono wa juu wa mto mmoja, akaona kuni tatu na kuni nne zimeanza kuachana. Mkono ukakataa kuendelea. Akampigia mama simu.

“Ameipokea?” Mama Iguadili aliuliza kabla ya salamu.

“Anataka migongo itoke. Anataka mto ufunguke, aweze kufua.”

“Yaani anataka vifua vitupu?”

“Anataka ifunguke, mama!”

“Kwani nguo zetu hazifunguki? Wewe unaingiaje kwenye blauzi yako, kwa dirisha?”

Ibelisa aliweka sindano chini. Polepole aliinamisha kichwa akajitazama. Hapo shingoni kwake palikuwa na ufa wa blauzi, utepe wake, na kamba ndogo ya kuufunga. Hakuaga. Alikata simu, akachukua kile kitambaa alichofungia mito, akaanza kukipasua vibanzi.

Kila mto aliufungua juu tu, upana wa kutosha sufi kutoka na kurudi. Ukingo wake akauvisha utepe wa manjano unaokimbilia zambarau, akapitisha kamba ya kitambaa hichohicho, akaifunga fundo kama la shingoni. Vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe. Alipoona utepe ule umeufanya mto uonekane kama umevaa, alitaka kumwita mtu yeyote aje atazame, hata mpita njia. Alikuwa anafunga fundo la mto wa sita wageni walipoanza kupanda ngazi na masanduku yao.

“Waache wakae,” Bi Xenia alinong'ona, tabasamu la wageni likiwa tayari usoni. “Tutazungumza baadaye. Lakini sijasema ndiyo.”

Mgeni wa kwanza kuketi alikuwa mzee Fulgencio kutoka mji wa David, pamoja na mkewe Eneida. Mzee aliegemea, akanyanyuka kwenda kunawa, na mkewe akausogeza mto wake ili apate nafasi ya mkoba. Mzee aliporudi alisimama.

“Nani amebadilisha mto wangu?”

“Hakuna aliyegusa mto wako, Fulgencio.”

“Wangu ulikuwa na kuni tatu. Huu una nne.”

“Vaa miwani.”

“Nimevaa miwani!”

“Basi vaa na akili. Keti, unatuaibisha.”

Mzee hakuketi. Aliunyanyua mto, akaugeuza, akaona tatu. Akaugeuza tena, akaona nne. Uso wake ukafunguka. “Eneida! Upande huu moto ndio unawashwa, upande huu kuni moja inakwisha! Geuza wako!” Eneida aligeuza wake huku akimkanya mumewe aache utoto, kisha akaacha kumkanya, kwa sababu kwenye wake kuni fupi ilikuwa kona nyingine. Wageni waliofuata waliwakuta wazee wawili wanapindua mito benchi zima, nao wakajiunga bila kuulizwa. Ilibishaniwa ni upande upi ulio mzuri. Hawakukubaliana.

Bi Xenia alisimama na sinia la kahawa mpaka kahawa ikapoa. Akaweka sinia chini, akachukua mto mmoja, akavuta kamba, akatoa sufi, akairudisha, akafunga fundo. Alifanya hivyo mara mbili.

“Nisiwekee zipu,” alimwambia Ibelisa. “Naichukua yote, kwa pande zote mbili. Na vyumba vya juu vinataka mito. Ila usinifanyie moto tena...”

“Sitafanya moto!” Ibelisa alisema kabla mwenziwe hajamaliza.

Asubuhi iliyofuata alikuwa katika duka la vitambaa la Barabara ya Kati, simu sikioni, mkono mwingine ndani ya rundo.

“Ameipokea, mama. Yote.”

Upande wa pili kuku ndio waliojibu kwanza.

“Mama?”

“Nipo. Ile kuni ya nne, sikukwambia tu, imepinda.”

“Haikupinda. Imeungua.”

“Imepinda.” Bembea ililia mahali pake. “Haya. Utakata wewe, mimi na dada yako tutashona. Ila usinikatie kona kali kali, macho yangu si yale ya zamani.”

Ibelisa alitaka kusema jambo la heshima, la kumshukuru mama vizuri, lakini hapo hapo vidole vyake viligusa kitu baridi chini ya rundo, akakivuta, na maneno yote yakamtoka kichwani.

“Mama, kuna kitambaa hapa.”

“Rangi gani?”

“Ndilo nisilojua! Nikisimama huku ni kijani. Nikisogea kidogo si kijani tena, ni kama... ngoja.”

“Basi sogea!” Mama Iguadili alipiga kelele. “Sogea uniambie!”